Mrushaji wa Zamu na Njia Tatu za Kumpata: Maelezo Juu ya Istilahi za Besiboli

Barua iliyotufikia hivi karibuni kutoka kwa mwalimu mmoja wa shule ya sekondari imetulazimu kuushughulikia mchezo ambao wengi wa wasomaji wetu wameusikia kwa jina tu. Mwalimu huyo alikuwa akifasiri makala ya kigeni juu ya timu ya besiboli ya Atlanta, nchini Marekani, na juu ya wanamichezo watatu walioipatia sifa katika miaka ya 1990, yaani Tom Glavine, John Smoltz na Greg Maddux. Makala ilieleza jinsi kila mmoja wao alivyoingia katika timu, na ilitumia vitenzi vitatu tofauti. Mfasiri wetu alipovifikia vitenzi hivyo alitumia kimoja tu: Glavine “alinunuliwa” mwaka 1984, Smoltz “alinunuliwa” mwaka 1987, na Maddux “alinunuliwa” mwaka 1992. Wanafunzi wake walipoisoma tafsiri hiyo darasani walihitimisha kwamba Atlanta ilikuwa timu ya matajiri iliyojinunulia ushindi. Mwalimu, ambaye alifahamu kuwa makala haikusema hivyo, aliona haya, akatuandikia kuuliza kosa lilikuwa wapi.

Kosa si lake peke yake. Kitenzi “kununua” kimezoeleka katika magazeti na redio zetu kutokana na kandanda ya Ulaya, ambako klabu hulipa klabu nyingine fedha ili mchezaji ahame. Katika besiboli ya Marekani jambo hilo si desturi kuu. Mchezaji hupatikana kwa njia nyingine, na tofauti baina ya njia hizo ndiyo habari yenyewe. Mfasiri anayezimeza zote katika kitenzi kimoja humpa msomaji maneno sahihi ya Kiswahili na maelezo yasiyo ya kweli. Aidha, besiboli si ya mbali kama ilivyokuwa. Huchezwa sasa katika baadhi ya shule za Dar es Salaam, na mwaka 2012 vijana wa Uganda kutoka Lugazi walikuwa wa kwanza kuiwakilisha Afrika katika mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania. Habari zake zitaendelea kuja mezani pa wafasiri, na ni afadhali zikute maneno yamekwisha kutengenezwa.

Tuanze na jina la mchezo. Wapo waliopendekeza “mpira wa gongo”. Pendekezo hilo tumelikataa kwa sababu “mpira wa magongo” ni mchezo mwingine ambao umekwisha kuota mizizi kwa jina hilo, na haifai michezo miwili itofautishwe kwa umoja na wingi wa nomino. (Kuhusu maana nyingine ya neno gongo, ile inayowahusu askari polisi kuliko wanamichezo, hatuna la kuongeza.) Basi utohozi umetufaa: besiboli, katika ngeli ya I-ZI. Gongo libaki kuwa jina la kifaa anachoshika mpigaji.

Wachezaji 9 wa timu moja husambaa uwanjani. Mmoja wao husimama juu ya kichuguu cha udongo, umbali wa futi 60 na inchi 6, yaani zaidi kidogo ya meta 18, kutoka kwa mpinzani mwenye gongo, akamrushia mpira mdogo mgumu. Tumesema kichuguu kwa makusudi. Kimo chake ni inchi 10 tu, na neno “kilima”, ambalo tumeliona katika rasimu moja, humfanya msomaji amwone mtu akipanda. Mchezo huwa na vipindi 9, na katika kila kipindi timu hupokezana kurusha na kupiga. Mpigaji akiufikisha mpira mahali usipodakwa, hukimbia kutoka kituo hadi kituo, na akivizunguka vyote vinne timu yake hupata pointi. Hayo yanatosha kwa haja yetu.

Huyo aliye juu ya kichuguu tumwite nani? Wengi huandika “mtupaji”, na wana hoja, kwa kuwa riadha imekwisha kutupa “kutupa mkuki” na “kutupa tufe”. Lakini mwenye mkuki hutafuta umbali tu, hali mchezaji wetu hulenga shabaha ndogo isiyozidi upana wa sahani, tena akijitahidi mpira usifuate njia ambayo macho ya mpigaji yameitazamia. Zaidi ya hayo, kutupa ni pia kuacha kitu kisichotakiwa. Sentensi “timu ilimtupa mtupaji wake”, ambayo tumeisoma kwa macho yetu, ni ya kuchekesha pasipo kukusudia. Kurusha hakuna upungufu huo. Tumependelea mrushaji.

Ugumu halisi uko katika aina za warushaji. Mmoja huanza mchezo na hutarajiwa kurusha vipindi vingi kadiri nguvu zake zinavyoruhusu, vitano, sita, hata vyote tisa. Wengine hukaa kando wakingoja kumpokea akichoka. Hao wa pili ni rahisi, kwani “mchezaji wa akiba” ni msemo wa kila siku, na “mrushaji wa akiba” hauhitaji maelezo. Wa kwanza ndiye anayetatanisha. Tafsiri sisisi ya jina lake la Kiingereza ingekuwa “mrushaji anayeanza”, na tumewahi kulipima jina hilo kwa watu wasioujua mchezo: wote walidhani kuwa ni mtu anayejifunza kazi. Pendekezo la pili lilikuwa “mrushaji mfungua mchezo”. Hili lilipendeza zaidi, na kwa muda tulidhani limetosha, mpaka tulipokumbuka yaliyotokea mwaka 2018. Tarehe 19 Mei ya mwaka huo, timu ya Tampa Bay ilimweka Sergio Romo, mrushaji wa akiba kwa kazi yake yote, aanze mchezo na kuondoka baada ya kipindi kimoja, ili mwingine aendelee na sehemu ndefu. Mbinu hiyo ikaenea, na Wamarekani wakampa mtu wa namna hiyo jina linalomaanisha hasa “mfunguzi”. Kama jina hilo tungekuwa tumekwisha kumpa mrushaji mkuu, tungebaki mikono mitupu.

Tulirudi basi kwenye kazi yenyewe tukajiuliza: sifa bainifu ya mchezaji huyu ni ipi? Si kuanza, maana Romo naye alianza. Sifa yake ni kwamba anashika zamu. Ligi Kuu ya Marekani ina michezo 162 kwa kila timu katika muda wa miezi sita hivi, karibu kila siku mchezo. Mkono wa binadamu hauwezi kurusha mipira 100 kwa nguvu zote leo na kesho. Kwa hiyo timu huwa na warushaji watano wanaopokezana, kila mmoja siku yake, kisha akapumzika siku nne. Mwisho wa msimu huwa ameshika zamu kama 32. Mwalimu wa zamu, daktari wa zamu, mlinzi wa zamu: Kiswahili kina kielelezo hicho tayari, tena kinajulikana na kila mtumishi wa serikali. Mrushaji wa zamu, basi, na kundi lao watano ni mzunguko wa zamu. Istilahi hii ina faida moja zaidi ambayo hatukuitazamia. Humwonyesha msomaji mara moja kwa nini mmoja bora hatoshi. Shule haiendeshwi na mwalimu mmoja wa zamu.

Hapo sasa ndipo linapokuja swali la timu ya Atlanta, na ndipo kitenzi “kununua” kinapovuruga mambo. Mwaka 1988 timu hiyo ilishinda michezo 54 na kushindwa 106. Ilikuwa ya mwisho katika kundi lake mwaka huo, na 1989, na 1990. Mwaka 1991 ilishinda michezo 94 na kufika fainali. Kuanzia hapo hadi 2005 iliongoza kundi lake katika kila msimu uliokamilika, yaani mara 14, ukiacha ule wa 1994 ambao mgomo wa wachezaji uliukatiza. Mabadiliko ya namna hiyo hayaji kwa mkupuo wa fedha. Yalikuwa yakiandaliwa katika ile miaka mitatu ya aibu, na karibu yote yalihusu warushaji wa zamu.

Bobby Cox alirudi Atlanta mwaka 1985 kuwa meneja mkuu. (Mfasiri ajihadhari: katika besiboli anayeongoza wachezaji uwanjani naye huitwa “meneja”. Tunashauri huyo aitwe kocha mkuu, na “meneja mkuu” abaki kuwa yule wa ofisini anayewasajili wachezaji. Cox alikuwa wa ofisini hadi Juni 1990, kisha akashuka uwanjani kuwa kocha mkuu; bila istilahi mbili hadithi yake haisimuliki.) Yeye na Paul Snyder, aliyewaongoza wasaka vipaji wa timu, waliamua kujenga juu ya mikono ya vijana. Neno “mpelelezi” kwa kazi ya Snyder tumeliacha kwa idara inayohusika, na “skauti” kwa vijana wenye skafu shingoni.

Njia ya kwanza ya kumpata mrushaji wa zamu ni ile ambayo Wamarekani huiita kwa neno la shamba. Branch Rickey wa timu ya St. Louis ndiye aliyeieneza katika miaka ya 1920: timu kubwa humiliki au hufungamana na timu ndogo za madaraja ya chini, ikawapeleka huko vijana wakakomae. Tafsiri ya “shamba” haitufai, kwa kuwa mazao ya shamba huvunwa yakaliwa au yakauzwa. Mche unaooteshwa mahali pamoja ili uhamishiwe pengine ukiwa na nguvu una mahali pake katika Kiswahili, napo ni kitalu. Mkulima wa kahawa haelezwi maana ya kitalu. Tunatambua kwamba maofisa wa maliasili wana “kitalu cha uwindaji” chao, lakini muktadha hautaruhusu mchanganyiko, na hakuna atakayedhani kuwa vijana hawa wanawindwa.

Wanaoingia kitaluni hupatikana hasa kwa uteuzi wa chipukizi, utaratibu ulioanza mwaka 1965, ambapo timu huchagua vijana kwa zamu, na zilizofanya vibaya kwa kawaida hutangulia. Kijana hachagui timu. Timu ndiyo humchagua. Glavine aliteuliwa hivyo mwaka 1984, katika duru ya pili, akitoka shule ya sekondari huko Massachusetts. Mwaka huo huo aliteuliwa pia na timu ya mpira wa magongo ya barafuni ya Los Angeles, akaiacha. Hakununuliwa na mtu. Alioteshwa. Alipanda Ligi Kuu Agosti 1987, na katika msimu wake wa kwanza kamili, 1988, alishinda michezo 7 na kushindwa 17. Timu yenye haraka ingemwondoa. Atlanta ilimwacha arushe, kwa kuwa ilikuwa ikishindwa hata hivyo, na kushindwa kuna nafuu moja: humpa mwanafunzi nafasi ya kukosea. Mpira wake haukuwa wa kasi kubwa. Alijifunza kurusha ule wa polepole wa kuhadaa, ambao mkono huutoa kwa mwendo uleule wa mpira wa kasi, na kuulenga ukingo wa mbali kutoka kwa mpigaji, mara baada ya mara. Mwaka 1991 alishinda michezo 20 akapewa tuzo ya Cy Young, ambayo hupewa mrushaji bora wa ligi.

Kitalu hakina hakika, na mfasiri asikisifu kupita kiasi. Steve Avery, aliyeteuliwa wa tatu katika nchi nzima mwaka 1988, alionekana kuwa bora kuliko Glavine. Mwaka 1991 alishinda michezo 18 akiwa na umri wa miaka 21, na katika mchujo wa kuingia fainali wapinzani hawakupata hata pointi moja juu yake kwa zaidi ya vipindi 16. Miaka miwili baadaye aliumia, na hakurudia tena kiwango kile. Mwaka 1990, Atlanta ikiwa na haki ya kuteua kwanza kabisa, ilimtamani mrushaji mwingine, Todd Van Poppel, ambaye alitangaza kuwa asingekubali. Ikamchukua badala yake Chipper Jones, ambaye si mrushaji, na ambaye mwaka 2018 aliingizwa katika Jumba la Mashuhuri la Cooperstown. Van Poppel hakuwahi kuwa mrushaji mashuhuri. Wakati mwingine kitalu hustawishwa na mche uliokosekana.

Sehemu kubwa ya kulea ilikuwa mikononi mwa Leo Mazzone, kocha wa warushaji, aliyepanda kutoka timu za kitalu pamoja na Cox mwaka 1990 akabaki hadi 2005. Timu nyingi zilimtaka mrushaji wa zamu apande kichuguu cha mazoezi mara moja katika siku zake nne za mapumziko. Mazzone aliwataka wake wapande mara mbili, lakini bila kutumia nguvu zote, ili mkono uizoee kazi badala ya kuishangaa. Hapa wafasiri wamekwisha kuteleza, wakaandika kuwa “aliwafanyisha kazi maradufu”. Sivyo. Alizidisha mara na kupunguza nguvu. Kishazi cha pili kikidondoka, sifa ya mtu hugeuka kuwa lawama.

Njia ya pili ni ya Smoltz. Huyu aliteuliwa na timu ya Detroit mwaka 1985, katika duru ya 22, yaani akiwa hatazamiwi sana, naye alikuwa mzaliwa wa Michigan aliyeipenda timu hiyo. Agosti 1987 alikuwa bado kitaluni, tena akishindwa mara nyingi. Detroit ilikuwa katika mbio za kuongoza kundi lake na ilihitaji mrushaji wa zamu aliyekomaa, wa siku hiyo hiyo. Tarehe 12 Agosti ilimchukua kutoka Atlanta Doyle Alexander, mwenye umri wa miaka 36, ikamtoa Smoltz, mwenye miaka 20. Alexander alishinda michezo 9 bila kushindwa hata mmoja, na Detroit ikaongoza kundi kwa tofauti ya michezo miwili. Basi Detroit haikudanganyika: ilipata ilichokitaka. Lakini Alexander alistaafu mwaka 1989, na Smoltz aliichezea Atlanta hadi 2008.

Tendo hili si kuuza wala kununua, kwa sababu fedha siyo thamani iliyobadilishwa. Si “uhamisho” wa kandanda pia, kwa kuwa mtu huenda na mtu hurudi. Wala si “biashara”, tafsiri ambayo kamusi ndogo ingempa mfasiri aliyechoka. Ni mabadilishano, na kitenzi chake ni kubadilishana: Atlanta na Detroit zilibadilishana Alexander na Smoltz. Tunasisitiza kauli ya kutendana, maana ndiyo inayoulazimisha usemi kuonyesha pande mbili. “Smoltz alinunuliwa” humficha Alexander kabisa, na pasipo Alexander hadithi haina funzo: timu iliyokuwa chini ilimtoa mzee mwenye miaka michache iliyobaki, ikapokea kijana mwenye miaka mingi isiyojulikana. Ilibadilisha leo kwa kesho.

Wala Atlanta haikuwa na busara hiyo siku zote. Ilipokuwa juu nayo ilitoa kesho kwa ajili ya leo. Agosti 1996 ilimtoa Jason Schmidt kutoka miongoni mwa vijana wake ili impate Denny Neagle, ambaye mwaka uliofuata alishinda michezo 20; hapo pande zote mbili zaweza kujisifu. Desemba 2003 ilimtoa chipukizi wa kitalu chake, Adam Wainwright, pamoja na warushaji wengine, kwa St. Louis, ili impate J. D. Drew na mwenzake mmoja. Drew, mpigaji hodari, aliichezea Atlanta msimu mmoja akaondoka. Wainwright aliirushia St. Louis hadi mwaka 2023, akamaliza na ushindi wa michezo 200. Detroit ingepata kicheko.

Kabla ya kuifikia njia ya tatu, yatupasa kusema jambo juu ya neno “kununua” lenyewe, kwani si suala la usahihi wa habari peke yake. Kiswahili ni lugha ya pwani ambayo soko lake la watumwa, la Unguja, lilifungwa mwaka 1873. Kitenzi hicho kikifuatwa na mtu bado kina harufu. Na huko Marekani kwenyewe wachezaji waliligombania jambo hilo hilo. Kwa miongo mingi mikataba ilikuwa na kifungu kilichomfunga mchezaji kwa timu yake hata baada ya muda wa mkataba kwisha. Angeweza kutolewa kwa timu nyingine, ila hakuweza kuondoka kwa hiari. Oktoba 1969 St. Louis ilimtoa Curt Flood, Mmarekani Mweusi, kwa Philadelphia katika mabadilishano. Alikataa kwenda, akadai kwamba yeye si mali, akaifikisha kesi yake katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Mwaka 1972 alishindwa kwa kura 5 dhidi ya 3. Waliofanikiwa walikuwa warushaji wawili, Andy Messersmith na Dave McNally, ambao walicheza msimu wa 1975 bila kutia sahihi mkataba mpya. Tarehe 23 Desemba mwaka huo msuluhishi Peter Seitz aliamua kuwa hawafungwi tena. Messersmith alijiunga na timu aliyoitaka mwenyewe mwaka 1976. Timu hiyo ilikuwa Atlanta.

Kwa hiyo anayetumia “kununuliwa” kwa mchezaji aliyejipatia haki ya kutonunuliwa huifuta kesi nzima kwa silabi chache. Istilahi yetu ni mchezaji huru, ambayo tayari inatumika katika kandanda, na kitendo cha timu ni kumsajili. Maddux alikuwa mchezaji huru. Alikomaa Chicago, akashinda michezo 20 na tuzo ya Cy Young mwaka 1992, mkataba wake ukaisha, na Desemba mwaka huo alitia sahihi na Atlanta kwa miaka 5 na dola milioni 28. Fedha hapo zipo, tena nyingi, lakini zilikwenda kwa Maddux mwenyewe. Chicago haikulipwa bei yake. Meneja mkuu wakati huo alikuwa John Schuerholz, aliyetoka Kansas City mwaka 1990, na ambaye kwanza alikuwa amewasajili wadakaji hodari, mmoja wao Terry Pendleton, kwa kujua kwamba mrushaji hata awe bora vipi hawezi kuudaka kila mpira unaopigwa. Ili kupata nafasi ya mshahara wa Maddux, Atlanta ilimwachia mrushaji wake mzee, Charlie Leibrandt, aende Texas.

Ndipo wanafunzi wa mwalimu wetu wangepaswa kuuliza: mbona Maddux alisajiliwa mwisho, si mwanzo? Kwa sababu mchezaji huru ni ghali, na timu isiyo na wengine hunufaika kidogo na siku yake moja katika tano. Glavine, Smoltz na Avery walikuwapo tayari, vijana wa mishahara midogo kwa sehemu kubwa ya miaka yao ya kwanza. Kitalu na mabadilishano ndivyo vilivyoacha akiba ya kumlipa Maddux. Mpangilio wa vitenzi vitatu katika makala ya asili ulikuwa mpangilio wa hoja. Maddux alitwaa tuzo ya Cy Young katika miaka ya 1993, 1994 na 1995, Smoltz mwaka 1996, Glavine tena mwaka 1998. Katika miaka 8 kuanzia 1991, tuzo ya ligi yao ilikwenda Atlanta mara 6.

Hata hivyo, katika muda wote huo Atlanta ilitwaa ubingwa mara moja tu, mwaka 1995, dhidi ya Cleveland, Glavine akirusha vipindi 8 vya mchezo wa mwisho na wapinzani wasipate pointi. Wamarekani wenyewe bado hubishana kwa nini. Maelezo mamoja yanatokana na istilahi yetu: msimu mrefu humtuza mwenye zamu tano nzuri, ila fainali ni ya michezo isiyozidi saba, na zamu ya tano huenda isifike kamwe.

Njia hizo tatu hazikufa na miaka ya 1990. Atlanta ilipotwaa ubingwa tena, mwaka 2021, ilikuwa na Ian Anderson, mteule wa 2016 kutoka kitalu chake. Max Fried, aliyepatikana kwa mabadilishano na San Diego mwaka 2014 wakati kiwiko chake kikiwa kinapona baada ya kupasuliwa. Na Charlie Morton, mchezaji huru. Fried alirusha vipindi 6 vya mchezo wa mwisho dhidi ya Houston bila kutoa pointi. Desemba 2024, akiwa mchezaji huru, alitia sahihi na New York kwa miaka 8 na dola milioni 218. Tulimpelekea mwalimu wetu habari hiyo aifasiri kama zoezi. Aliandika: “Fried ameihama Atlanta.” Tumeikubali.

Limebaki neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Smoltz alipasuliwa kiwiko mwaka 2000, na kuanzia 2001 hadi 2004 alifanywa mrushaji wa kumalizia, anayeingia kipindi cha mwisho kuulinda uongozi mdogo. Tendo hilo likifanikiwa huhesabiwa kwa jina lake, naye alifikisha 154. “Mfungaji” haliwezekani, kwani ni la mtia magoli. Kwa mtu huyo “mrushaji wa kumalizia” inatosha kwa sasa, lakini kwa tendo lenyewe tuna mapendekezo mawili, “wokozi” na “hifadhi”. La kwanza limekaa kikanisa, la pili kibenki. Wasomaji walio na la tatu watuletee, wakionyesha umoja na wingi wake, pamoja na sentensi mbili za mfano.